Maisha ya Antoine de Saint-Exupéry: Rubani Mpiga Picha Aliyekataa Kung'atuka



Mtakumbuka kwamba katika mkutano wetu uliopita, baada ya chakula cha mchana, kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alitujia wazee tuliokuwa tumekaa chini ya mwembe ule ulio nyuma ya bweni. Mkononi alikuwa na kitabu kiitwacho Mwana Mdogo wa Mfalme. Akatuuliza kama kuna yeyote kati yetu anayemjua aliyekiandika. Nikamjibu kwamba mwandishi wake alikuwa rubani wa vita ambaye ndege yake haikuwa na hata bunduki moja, bali kamera tu, na kwamba siku moja aliruka asirudi. Hapo ukazuka ubishi. Mwenzangu mmoja, niliyekaa naye dawati moja tangu Kidato cha Kwanza, alisema kwamba mtu wa miaka 44 aliyejaa mifupa iliyovunjika hana sababu ya kurusha ndege ya vijana, na kwamba kufa hivyo si ushujaa bali ni ubishi. Mimi nilimtetea marehemu kwa nguvu zote. Kengele ya mkutano ikalia kabla hatujamaliza, nami nikaahidi kuandika habari zake katika jarida letu. Deni ni deni, na leo nalilipa.

Nimeichukua kazi hii kwa sababu nyingine pia. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifanya kazi ya kuchora ramani, na ramani nyingi nilizozichora zilitoka katika picha zilizopigwa na ndege. Kwa hiyo nimekula jasho la watu wa namna yake bila ya kuwajua.

UTOTO NA MASOMO

Antoine de Saint-Exupéry alizaliwa tarehe 29 Juni, 1900, katika mji wa Lyon, nchini Ufaransa. Alikuwa mtoto wa tatu katika watoto watano. Ukoo wake ulikuwa wa kimwinyi, wenye jina kubwa na mfuko mdogo. Baba yake alifariki mwaka 1904, na mama yake, aliyeitwa Marie, akawalea watoto wote watano kwa msaada wa jamaa.

Alipokuwa na miaka 12 alikuwa akienda kwa baiskeli mpaka uwanja wa ndege wa Ambérieu kutazama mitambo ile mipya iliyoshangaza dunia. Alimsumbua rubani mmoja mpaka akapandishwa, akidai kwamba mama yake amemruhusu. Haikuwa kweli. Siwasifii vijana kwa kuwadanganya wazazi, lakini hivyo ndivyo alivyoionja anga kwa mara ya kwanza.

Shuleni hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa mfano. Alisoma kwa mapadri Wajesuiti katika mji wa Le Mans, na baadaye akaenda kusoma Fribourg, nchini Uswisi. Madaftari yake yalikuwa machafu na mawazo yake yalikuwa nje ya dirisha. Hata hivyo, mwaka 1914 alipata zawadi ya insha kwa kusimulia safari za kofia moja kuukuu. Mwaka 1917 mdogo wake François, ambaye ndiye aliyekuwa ndugu yake pekee wa kiume, alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Msiba huo ulimkaa rohoni maisha yake yote.

Alitaka kuwa afisa wa jeshi la majini, akafeli mtihani wa kuingia chuoni. Akajaribu kusomea uchoraji wa majengo bila ya kumaliza. Mwaka 1921 aliitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, na huko ndiko alikojifunza urubani. Mwaka 1923 alianguka na ndege katika uwanja wa Le Bourget, karibu na Paris, akavunjika fuvu la kichwa. Wakwe zake watarajiwa wakaogopa, na uchumba ukavunjika. Akaacha jeshi, akawa muuza malori. Inasemekana kwamba kwa zaidi ya mwaka mzima aliuza lori moja tu.

Basi, kijana unayesoma maneno haya huku ukihofia matokeo ya mtihani, mtazame huyu. Alipotimiza miaka 25 hakuwa na cheti cha maana, wala mke, wala kazi ya kujivunia.

RUBANI WA POSTA

Mwaka 1926 aliajiriwa na kampuni ya ndege za posta ya Latécoère, mjini Toulouse. Barua zilisafirishwa kutoka Ufaransa, zikapita Hispania na Morocco, mpaka Dakar. Ndege zenyewe zilikuwa za injini moja, na rubani alikaa mahali pa wazi, upepo ukimpiga usoni. Injini ilipozima juu ya jangwa, rubani alishuka mchangani. Aliyebahatika aliokolewa na mwenzake, na asiyebahatika alitekwa na makabila ya jangwani, akadaiwa fidia, au akauawa.

Mwaka 1927 alipewa ukuu wa kituo cha Cape Juby, mahali penye ngome, bahari na mchanga tu. Alikaa huko kiasi cha mwaka mmoja na nusu, akijifunza Kiarabu, akinywa chai na wazee wa makabila, na kwenda kuwachukua marubani walioanguka. Huko ndiko alikoandika kitabu chake cha kwanza, Courrier Sud, yaani Posta ya Kusini, kilichotoka mwaka 1929. Mwaka huohuo alihamia Argentina kuongoza huduma ya posta ya ndege. Kitabu chake cha pili, Vol de nuit, yaani Safari ya Usiku, kilipata tuzo kubwa ya uandishi nchini kwao mwaka 1931. Mwaka huo pia alimwoa Consuelo Suncin, mwanamke wa kutoka El Salvador. Ndoa yao ilikuwa na mapenzi mengi na magomvi mengi.

Ajali hazikumwacha. Mwaka 1933 nusura azame katika ghuba ya Saint-Raphaël alipokuwa akijaribu ndege ya majini. Tarehe 30 Desemba, 1935, akishindania zawadi ya safari ya Paris hadi Saigon, aliigonga ardhi usiku katika jangwa la Libya, pamoja na fundi wake André Prévot. Walitembea siku kadhaa bila ya maji ya kutosha, mpaka Bedui mmoja akawaokoa. Mwaka 1938 ndege yake ilianguka Guatemala wakati wa kuruka, akavunjika sehemu nyingi za mwili. Tangu siku hiyo hakuweza kuinua mkono wa kushoto sawasawa. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini huyu, wasomaji wangu, hakuvunja koleo tu, alivunjika yeye mwenyewe.

KAZI YA KUPIGA PICHA KUTOKA ANGANI

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwezi Septemba 1939, Saint-Exupéry alikuwa na miaka 39 na jina kubwa duniani. Madaktari walisema kwamba hafai kuruka vitani. Wakubwa walitaka afundishe, au akae ofisini aandike maneno ya kuwatia watu moyo. Alikataa. Alibisha hodi kwa kila aliyemfahamu, na mwishoni mwa mwaka huo akapangiwa kikosi cha upelelezi wa angani kilichojulikana kwa namba 2/33, kilichokuwa katika kijiji cha Orconte.

Hapa yanipasa nisimame kidogo nieleze kazi yenyewe, maana wengi hudhani kwamba rubani wa vita ni yule apigaye risasi tu.

Jemadari asiyejua adui yuko wapi ni sawa na kipofu sokoni. Anahitaji kujua madaraja, njia za reli, viwanja vya ndege, mizinga na fukwe. Mpelelezi wa miguu huona kichochoro kimoja, lakini kamera iliyo juu angani huona wilaya nzima. Mwanzoni mwa vita Waingereza walituma ndege zao za mabomu za Blenheim, ambazo zilikuwa nzito na nyepesi kuonekana, na nyingi hazikurudi. Ndipo Maurice Longbottom, afisa kijana, akatoa hoja ambayo leo inaonekana rahisi: chukueni ndege ya kivita iliyo nyepesi kuliko zote, ng'oeni bunduki na redio, jazeni petroli na kamera, kisha iende juu sana na mbio sana. Ndege hiyo isipigane na mtu. Silaha yake iwe ni kukimbia. Mwaustralia Sidney Cotton aliitekeleza hoja hiyo kwa ndege za Spitfire. Tarehe 18 Novemba, 1939, Longbottom mwenyewe aliruka kutoka Seclin, Ufaransa, akaenda kupiga picha upande wa mpaka wa Ujerumani. Baada ya hapo mataifa mengine yalifuata njia hiyohiyo.

Ugumu wa kazi hii haupo katika kubonyeza swichi. Kamera hujipiga zenyewe kwa umeme, kila baada ya sekunde kadhaa. Kazi ya rubani ni kwenda sawa kama uzi, bila ya kupanda, kushuka wala kuyumba, mpaka mstari uishe, kisha ageuke aanze mstari mwingine kando yake, kama mtu alimaye matuta. Na adui hapendi kitu kuliko ndege iendayo sawa. Katika kimo cha mita 10,000 baridi hufika nyuzi 50 chini ya sifuri. Rubani huvaa nguo zenye nyaya za umeme za kumpasha joto na hupumua oksijeni kwa mpira. Mpira ukiziba, huzimia bila ya kujua kwamba anazimia. Tena katika kimo fulani moshi wa injini huganda ukawa mstari mweupe mbinguni, unaomwonyesha adui njia yote. Kwa hiyo rubani hutazama nyuma kila mara, na akiuona mstari huo hubadili kimo.

Kila picha hupigwa ikiilalia iliyotangulia kwa kiasi cha asilimia 60, ili kila mahali paonekane katika picha mbili zilizopigwa kutoka pande mbili. Ukiziweka picha hizo chini ya chombo kiitwacho stereoskopu, jicho hili likatazama moja na jicho lile likatazama nyingine, ardhi huinuka. Nakumbuka siku yangu ya kwanza kazini, nilipoinama na kuiona milima ya Uluguru ikisimama juu ya meza. Nilirudisha kichwa nyuma kwa mshtuko, na wakubwa zangu wakacheka.

Wasomaji wa picha wakati wa vita walikuwa wanaume kwa wanawake. Walipima vivuli wakajua urefu wa minara, wakahesabu mabehewa, wakafuata alama za magurudumu kwenye nyasi mpaka zilipofichwa silaha. Mwanamke mmoja wa Kiingereza, Constance Babington Smith, aligundua katika picha za Peenemünde za mwishoni mwa mwaka 1943 kijindege kidogo chenye umbo la msalaba kilichokaa juu ya reli ya kurushia. Kilikuwa ni bomu lile la kuruka lenyewe ambalo Wajerumani walikuwa wakiiandalia London.

Wala nisiwafiche upande wa pili. Rubani wa picha hakumpiga mtu risasi, lakini picha yake ndiyo iliyowaonyesha wenye mabomu pa kupiga. Mikono yake ilikuwa mitupu, ila haikuwa nje ya vita.

ARRAS, KISHA UGENINI

Mwezi Mei 1940 Wajerumani waliivamia Ufaransa. Kikosi cha 2/33 kilitumwa kila siku kutazama barabara zilizojaa vifaru na wakimbizi. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe, katika wiki tatu walipoteza makundi 17 ya warushaji ndege kati ya 23. Tarehe 23 Mei, 1940, yeye na wenzake wawili waliipitisha ndege yao aina ya Bloch 174 juu ya mji wa Arras uliokuwa ukiwaka moto, chini kabisa, huku mizinga ikiwaelekea kutoka kila upande. Walirudi salama. Habari walizozileta hazikuweza kusaidia kitu, maana jeshi lililozihitaji lilikuwa limekwisha kutawanyika. Alipewa nishani.

Mwezi Juni Ufaransa ilishindwa. Kikosi kilivuka bahari mpaka Algiers, na huko akaachiliwa kutoka jeshini. Mwisho wa mwaka aliingia New York, akakaa huko zaidi ya miaka miwili. Mwaka 1942 alitoa kitabu kuhusu safari ile ya Arras, ambacho kiliwasaidia Wamarekani kufahamu kwamba Wafaransa walipigana na kufa, hawakukimbia tu. Katika Ufaransa iliyotawaliwa na Wajerumani kitabu hicho kilipigwa marufuku. Mwezi Aprili 1943 kilitoka Mwana Mdogo wa Mfalme, hadithi ya rubani aliyeanguka jangwani akakutana na mtoto kutoka nyota nyingine. Sasa kijana wetu wa Kidato cha Tatu ajue kwamba jangwa lile halikutungwa kichwani tu. Mwandishi alilitembea kwa miguu, na kiu ile aliionja.

Lakini New York haikumpa raha. Wafaransa wa huko walikuwa wamegawanyika. Wale waliomfuata Jenerali de Gaulle walimsema vibaya kwa kuwa hakujiunga nao, na wale wa upande mwingine walitaka kulitumia jina lake. Naye aliona ni aibu kula na kulala vizuri huku wenzake wakifa. Rafiki zake wakubwa wa siku za posta walikuwa wamekwisha kutangulia. Jean Mermoz alipotelea katika bahari ya Atlantiki mwaka 1936, na Henri Guillaumet alitunguliwa juu ya Mediterania mwezi Novemba 1940. Kitabu hakijatimiza hata mwezi madukani, yeye alikwisha kupanda meli ya askari kwenda Afrika ya Kaskazini kutafuta kikosi chake.

NDEGE YA VIJANA

Kikosi cha 2/33 sasa kilikuwa chini ya Wamarekani na kilitumia ndege ya Lightning. Ndege hiyo ya kivita ilikuwa na injini mbili na viwiliwili viwili, mfano wa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa ubao, na rubani alikaa peke yake katikati. Ile ya kupigia picha iliitwa F-5. Bunduki zote za puani zilikuwa zimeondolewa na kamera kuwekwa mahali pake. Ilikwenda zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Ilitengenezwa kwa ajili ya vijana wa miaka ishirini na kitu, na rubani wetu mwenye miaka 43 alikuwa amekwisha kuupita ukomo wa umri uliowekwa. Alisaidiwa kuvaa nguo zake nzito, maana viungo havikukunjika. Ilijulikana wazi kwamba ikibidi kuruka kwa mwavuli, hataweza.

Tarehe 21 Julai, 1943, alifanya safari yake ya kwanza ya Lightning, akaiona tena nchi yake kutoka juu. Siku chache baadaye, akirudi na injini mbovu, alitua vibaya, akapita mwisho wa uwanja na kuiharibu ndege. Wamarekani wakamsimamisha. Wakati huo alikuwa chini ya kanali kijana, Elliott Roosevelt, mtoto wa Rais wa Marekani. Saint-Exupéry alirudi Algiers, akakaa miezi minane bila ya kazi, akiandika kitabu ambacho hakukimaliza, akiumwa mgongo, na kumwandikia kila mtu barua za kuomba arudishwe.

Mwishowe shauri lake lilimfikia Jenerali Ira Eaker, mkuu wa majeshi ya anga katika Mediterania. Akakubali kwa sharti moja: safari tano tu. Mwezi Mei 1944 Saint-Exupéry alijiunga tena na wenzake katika kisiwa cha Sardinia, na mwezi Julai kikosi kikahamia Borgo, katika kisiwa cha Corsica. Zile safari tano zilipokwisha aliendelea kuomba nyingine, na wenzake hawakuwa na moyo wa kumnyima. Siku ya kutimiza miaka 44, tarehe 29 Juni, injini moja ilimfia mbali na nyumbani, akarudi polepole kupitia anga la Italia ya kaskazini lililokuwa la adui. Hakuguswa.

Wakati huo Wamarekani na Wafaransa walikuwa wakijiandaa kutua pwani ya kusini ya Ufaransa, jambo lililofanyika tarehe 15 Agosti, 1944. Inasimuliwa kwamba mkuu wa kikosi, René Gavoille, na rafiki wengine walikuwa wamepanga njia ya kumzuia asiruke tena bila ya kumvunjia heshima. Walikusudia kumwambia siri ya kutua huko. Sheria ya jeshi ilikuwa kwamba aijuaye siri kama hiyo haruhusiwi kwenda juu ya nchi ya adui, asije akakamatwa akaitoa. Mpango ulikuwa mzuri. Walikuwa wakingoja nafasi.

Tarehe 31 Julai, 1944, saa tatu kasorobo asubuhi, aliruka kutoka Borgo kwenda kupiga picha upande wa Grenoble na Annecy. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Ilipofika saa nane na nusu mchana kila mtu uwanjani alijua kwamba petroli imekwisha, na kwamba ndege haiwezi kuwa angani tena.

BAHARI ILIVYOTOA SIRI

Kwa zaidi ya miaka 50 hakuna aliyejua alipoangukia. Mwaka 1998 mvuvi mmoja wa Marseille, Jean-Claude Bianco, alivuta wavu wake karibu na kisiwa cha Riou, akakuta bangili ya fedha yenye jina la Saint-Exupéry na la mkewe Consuelo. Wengi hawakumwamini. Mwaka 2000 mpiga mbizi Luc Vanrell akakuta vipande vya ndege ya Lightning chini ya bahari sehemu zilezile. Viliopolewa mwaka 2003, na mwaka 2004 namba 2734 iliyochongwa kiwandani juu ya kipande kimoja ikathibitisha kwamba ndiyo ndege yake. Mwaka 2008 Mjerumani mmoja mzee, Horst Rippert, aliyekuwa rubani wa vita, alisema kwamba ndiye aliyeitungua, lakini kumbukumbu za Wajerumani hazikumuunga mkono, na vipande vilivyopatikana havikuonyesha alama za risasi. Mabaki hayo yamewekwa katika jumba la makumbusho la ndege huko Le Bourget, uwanja uleule aliovunjikia fuvu mwaka 1923.

Baada ya vita, ujuzi wa wapiga picha wale ulikuja huku kwetu. Ndege kubwa za Lancaster za jeshi la Uingereza, zilizokuwa za mabomu, zilifungwa kamera na kupita juu ya Afrika Mashariki mistari kwa mistari. Picha zake zilisaidia kuchora ramani za kwanza zilizo sahihi za sehemu nyingi za nchi hizi. Kazi iliyoanza kwa kutafuta pa kubomoa ilikuja kutumika kutafuta pa kupitisha barabara na maji.

JIBU LANGU KWA MWENZANGU

Sasa nirudi chini ya mwembe. Nilipoanza kuandika nilikusudia kumshinda mwenzangu. Nilitaka kusema kwamba kung'atuka ni kwa waliochoka, na kwamba huyu hakuchoka. Lakini kadiri nilivyoendelea ndivyo nilivyoona kwamba nusu ya haki iko upande wake. Waliomkataza hawakuwa na chuki naye. Ndege ile ilihitaji mwili ambao yeye hakuwa nao tena, na vijana wenye mwili huo walikuwapo. Vitabu alivyoondoka navyo hapakuwa na kijana wa kuviandika badala yake.

Nusu nyingine ya haki nabaki nayo mimi. Mtu anayewaandikia wengine habari za wajibu na kujitolea, huku mwenyewe amekaa penye usalama, maneno yake huwa mepesi. Yeye aliogopa wepesi huo kuliko alivyoogopa mizinga, ndiyo maana maneno yake yana uzito mpaka leo.

Walionishughulisha zaidi, hata hivyo, ni wale rafiki zake waliokuwa na mpango mzuri wakangoja nafasi. Wenzangu wa darasa letu wanajua kwa nini nasema hivi. Sisi pia tulikuwa na mwenzetu aliyependa kuendesha gari usiku hali macho yake yamekwisha kufifia. Sote tuliona. Sote tulikubaliana kwamba atazungumzwa naye, kwa heshima, katika mkutano utakaofuata, maana alikuwa mtu mwenye haya na hatukutaka kumwaibisha. Mkutano ulipofika kiti chake kilikuwa kitupu, na sasa hivi jina lake liko katika orodha ya marehemu tunaowaombea asubuhi ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo, vijana, msikate tamaa kwa mtihani mmoja, wala kwa koleo moja kuvunjika. Hilo mwalichukue kwa Saint-Exupéry. Na ninyi wazee wenzangu, aliye na neno la kumwambia rafiki yake asingoje mkutano. Mwenzangu wa dawati moja, nakuja kwako Jumamosi, tena kwa basi, mchana. Tutaumaliza ubishi wetu tukiwa tumekaa.